Mche wa Mwalimu

Mkasi ule haukuwahi kukata hata karatasi. Ulikuwa mkasi wa vitambaa, na mtoto aliyethubutu kuugusa alikiona cha mtema kuni. Jumamosi ile mshonaji aliuchukua mwenyewe, akatoka nao hadi kibaraza cha nyuma, akakata kichwa cha mche wa mkuyu kwa mkato mmoja.

"Haya, kamwambie mwalimu wako," aliuambia.

Mche ulikuwa wa mumewe, fundi umeme, ambaye alikuwa ametoka muda huo huo kwenda darasani, kanyoa, kanukia, shati limenyooka kwa pasi ya nani kama si ya mkewe. Eti anajifunza bonsai, miti inayolelewa ibaki midogo maisha yake yote. Mche alipewa siku ya kwanza na Mwalimu, na Mwalimu huyo alikuwa mwanamke. Tangu hapo nyumba haikulala: Mwalimu kasema hivi, Mwalimu kasema vile. Zaidi ya yote, Mwalimu kasema mche usiguswe.

Mwanamume wa miaka hamsini ajipulizie manukato kwenda kutazama majani! Mshonaji hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Za mwizi ni arobaini, na yeye alikuwa anazihesabu.

Jumamosi iliyofuata aliung'oa mche kutoka kwenye ndoo yake ya kufulia, akafyeka nusu ya mizizi, akaubandika kwenye trei ya kuokea iliyotobolewa na kutu. "Ndoo ni yangu. Wewe kaa humo." Jumamosi ya tatu alichomoa waya wa shaba kwenye mkoba wa fundi, akayafunga matawi na kuyakunja chini kama mwizi anavyofungwa mikono. Maji aliumwagia siku alizokumbuka, tena kwa kinyongo.

Kisha akasubiri mumewe apige kelele. Maneno ya kumjibu alikuwa nayo, ameyanoa. Lakini fundi alipita pale kila jioni kuanika taulo lake, asiutupie mche hata jicho.

"Darasa lilikuwaje?"

"Zuri tu. Mwalimu anasema mche bado usiguswe."

Mwaka mzima, somo lile lile. Hapo ndipo hasira zilipompanda mshonaji hadi utosini. Kumbe hata mti wenyewe haupendi! Anampenda aliyeutoa.

Jumamosi moja, fundi ametoka nusu saa tu, mlango ukabishwa. Nje alisimama mwanamke wa makamo, kucha zimejaa udongo.

"Mimi ndiye mwalimu wa bonsai. Napita kukagua miche niliyowapa wanafunzi."

Ana uso mkavu huyu! Mshonaji alitaka kumtimua, akaona heri amwonyeshe kwanza. Alimwongoza hadi kibarazani.

"Tazama mti wako. Kichwa nimekata mimi, mizizi nimekata mimi, na waya huo nimefunga mimi. Kwa makusudi."

Mwalimu alipiga magoti. Shina lilikuwa limenenepa. Majani yalikuwa yamechipua upya, madogo na mengi, na matawi yameinama kama ya mti uliokula chumvi nyingi.

"Mama, nani kakufundisha?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nilitoa miche kumi na miwili. Kumi na mmoja imekufa kwa kudekezwa. Kukata kichwa, kupunguza mizizi, trei yenye matundu, waya, hivi ndivyo bonsai inavyoanzwa."

Mshonaji alihisi ameibiwa hasira yake. Mwaka mzima anautesa mti, na mti unanawiri!

"Basi kamsifu mwanafunzi wako!" alifoka. "Mmepishana njiani. Ametoka sasa hivi kuja kwako, kama kila Jumamosi."

Mwalimu aliinua uso.

"Mumeo? Mama, yule aliacha darasa tangu wiki ya pili."