Nyuma ya Chandarua

"Picha piga, mwanangu, lakini chandarua hakifunuliwi kabla ya arobaini," alisema Bi Tatu. Mjukuu wake alizaliwa njiti, na alikuwa bado hajafumbua macho.

Salha, mpiga picha, hakubisha. Ila kamera yake, kila ilipolenga yenyewe, iling'ang'ania nyuzi za chandarua, na mtoto akabaki ukungu mtupu. Akachomoa lenzi mpya, akafunga ile kuukuu ya marehemu baba yake, inayongoja mkono wa mtu. Akaizungusha taratibu. Nyuzi zikayeyuka kama chumvi majini, uso ukaja, na juu ya shavu jicho, wazi, linamtazama.

"Bibi," akanong'ona, "njoo uone."

Bi Tatu akainamia kioo cha kamera. Kisha akanyoosha mkono kumshika mjukuu shavu, vidole vikagota kwenye chandarua.