Pipi za Bibi

Muuza samaki aliinua godoro la mama yake mzazi, akatia mkono chini yake na kuanza kutafuta pipi.

Alipata soksi moja, miwani iliyokatika mkono, na picha ya marehemu baba yake enzi za ujana na madaha. Pipi hakuna. Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, anamtazama.

"Ukimaliza hapo, nipekue na mdomoni," alisema bibi. "Meno yamebaki manne, hutachelewa kazini."

Muuza samaki hakucheka. Dakika kumi kabla ya hapo alikuwa amemtoboa binti yake kidole, na kipimo cha sukari kikasoma kumi na tisa. Haikutakiwa kuvuka kumi.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, miaka tisa tu, na kongosho lake lilikuwa limegoma. Mwili wake haukutengeneza tena insulini, na bila hiyo sukari ya chakula hubaki inazunguka bure kwenye damu. Mtu anakula na mwili unakufa njaa. Kliniki waliwapa chupa za insulini za miezi mitatu na masharti mawili: chakula kipimwe, dawa ikae penye baridi.

Masharti hayo aliyashika kama kiapo. Wali aliupima kwa kikombe, matunda kwa vipande. Chupa inayotumika ilikaa nyumbani, imeviringishwa kitambaa kibichi kando ya mtungi wa maji. Zile za akiba alizitunza mwenyewe kazini, kwa kuwa umeme wa nyumbani ulikuwa wa kubahatisha. Mtu aliyeishi miaka ishirini kwa kuzuia vitu visioze hakuhitaji kufundishwa.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sukari ilitulia kwenye saba, nane, mtoto akanenepa kidogo, akarudi kuruka kamba uani. Mwezi wa pili ndipo bibi alipokuja kukaa nao, yule bibi ambaye wajukuu wote wa ukoo walimpokea kwa kumtia mikono mifukoni kutafuta pipi. Wiki hiyohiyo namba zikaanza kupanda.

Waliongeza dawa kama kliniki walivyowaelekeza. Ikawa kutwanga maji kwenye kinu. Muuza samaki akafunga kabati la sukari kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Namba zikapanda.

"Mama, nenda ukakae kwa dada kwa muda," alisema hatimaye, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mwanangu, naapa kwa kaburi la baba yako, sijampa kitu."

"Kwa muda tu, mama."

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea moyoni, na moyo huohuo ukamuuma. Bibi alifunga vitu vyake kwenye mfuko mmoja. Mjukuu alimng'ang'ania kiunoni mpaka baba mtu akaja kumbandua.

Siku tatu baadaye kipimo kikasoma ishirini na sita. Mtoto alikuwa amekonda, anakunywa maji kikombe kwa kikombe na bado midomo imekauka. Baba alimvuta karibu, na hapo ndipo aliposikia harufu kwenye pumzi yake: tamu, kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, baba."

"Harufu hii inatoka wapi? Nani anakupa? Sema!"

"Baba watoto, mwache," mkewe aliingilia kati. "Huoni mtoto anaumwa?"

"Anaumwa kwa sababu humu ndani mna siri!"

Alimwaga mkoba wa shule mezani, akakung'uta daftari moja moja, akanusa hata kifuniko cha kalamu. Mtoto alimtazama bila kulia. Kisha akatapika, akaanza kuhema haraka haraka, na walipofika hospitali alikuwa haitikii jina lake.

Walimtundikia dripu. Muuza samaki alikaa kwenye benchi kando ya kitanda, mikono imelegea mapajani, hajui aifanyie nini. Samaki akianza kuharibika alijua la kufanya. Kwa mwanawe hakujua.

Jioni mtoto alifumbua macho kidogo.

"Baba, usimkasirikie bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilikula pipi."

Muuza samaki alilia, na tuseme ukweli, alilia pia kwa nafuu. Angalau sasa ubaya ulikuwa na jina. Alimpapasa paji la uso, akamwambia amemsamehe, akamwambia bibi atarudi kesho. Mtoto akalala tena.

Daktari alikuja na faili lake, akavuta kiti.

"Mzee, sindano mlikuwa mnamchoma sawasawa?"

"Asubuhi na jioni. Sijaruka hata siku moja."

"Na chakula?"

"Kwa kipimo. Ila amekiri mwenyewe, daktari. Alikuwa anakula pipi kwa siri."

Daktari aliandika. "Na chupa za akiba mnazitunza wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza, mwezi mzima, ambalo muuza samaki angeweza kulijibu kwa kichwa juu. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Hapo sina wasiwasi, daktari. Nimezifukia chini kabisa kwenye friza langu la samaki. Nikiitoa moja inakuwa jiwe, naiacha iyeyuke usiku kucha, ndipo tunaanza kuitumia."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama mtoto aliyelala, kisha akamtazama baba yake.

"Basi mtoto hajala pipi, mzee," alisema taratibu. "Hata ile harufu tamu ya pumzi yake ni ya mwili uliokosa insulini. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka. Tangu chupa ya pili, umekuwa ukimchoma maji."