Fundi wa Ala Tano

Mtangazaji aliinama chini ya meza, akaibuka na gitaa. Kijasho chembamba kikamtoka mwanamuziki mzee aliyeketi mbele yake.

Lilikuwa gitaa lake mwenyewe, lile la kwanza, lenye mkwaruzo ubavuni. Mtangazaji alijisifu hewani kwamba amelisaka miezi miwili, mpaka akalikuta kwa seremala mmoja aliyelitundika karakanani kama pambo. Ukutani alikuwa amekwisha kupanga ala nyingine ambazo mzee amezipitia: kodiani, kinanda cha mdomo na ngoma. Manyanga yalikuwa mezani, maana ndiyo anayopiga siku hizi.

"Wasikilizaji, kaeni vizuri," alisema. "Fundi wa Ala Tano anatupigia wimbo wake wa kwanza, kwa gitaa lile lile, miaka arobaini baadaye."

Taa nyekundu juu ya mlango ilikuwa inawaka. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza, na hapakuwa na pa kutokea.

Jina hilo alipewa kwa heshima. Watu walisema kipaji kama kile hakienei kwenye ala moja. Akishaimaliza, anahamia nyingine. Magazeti yaliandika hivyo hivyo na yeye hakubisha. Alikuwa ametunga nyimbo zaidi ya mia mbili, ameimba kwenye harusi za watu ambao leo wana wajukuu, na kila mahali aliulizwa swali lile lile: kwa nini aliliacha gitaa wakati ule wimbo wake ulipokuwa unatamba? Jibu alikuwa nalo mfukoni. Gitaa lina wivu, alisema, nililiacha kabla halijaniacha. Watu hucheka, yanaisha.

Ukweli ni kwamba gitaa ndilo lililomwacha. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, kisha kujikunja vyenyewe. Daktari alimweleza mambo mengi kuhusu ugonjwa ule. Yeye alisikia moja tu, kwamba vidole havitarudi. Hakuuliza swali wala hakukanyaga tena pale kliniki. Alijifungia chumbani miezi saba akajifunza kodiani, akiutegemea mkono wa kulia, na siku alipopanda nayo jukwaani watu walisimama kumshangilia. Mkono wa kulia ulipoanza nao kusumbua, alishika kinanda cha mdomo. Pumzi ilipopungua, alihamia kwenye ngoma, ya viganja. Hakumwambia mtu, hata mkewe, ambaye alikufa akijua kwamba ameolewa na mtu asiyetulia.

Sasa akilishika gitaa hili, dakika haitapita kabla kila mtu hajajua. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kuchekwa angevumilia. Aliogopa kuonewa huruma, nyimbo zote zile zisikilizwe upya na watu wanaotikisa vichwa na kusema maskini.

Tena binti yake alikuwa pale pale, kiti cha pili. Huyo ndiye mpiga gitaa wa kundi lake kwa miaka kumi na mmoja sasa, na tangu mwaka jana alikuwa akimtia hofu. Alikuwa anachimba. Mara anataka kujua gitaa aliliacha akiwa na umri gani hasa. Mara anauliza kodiani ilimchukua muda gani kuizoea, na kama mwanzoni alilia. Asubuhi hiyo, wakiwa njiani kuja, aliuliza tena. Mzee alipoleta lile jibu lake la wivu, binti hakucheka, alitazama nje ya dirisha. Hata gitaa lake alikuwa ameliacha nyumbani. Mzee alijiambia kwamba mtoto ameshamshtukia, na huenda ndiye aliyepanga mambo haya na mtangazaji ili ukweli utoke hadharani.

Gitaa likasogezwa mbele yake. Alianza kusema kwamba nyuzi zile ni kuukuu, zitakatika. Mtangazaji alikuwa anamtazama kwa tabasamu, anasubiri.

Binti akavuta maikrofoni kwake. "Leo baba anaimba tu," alisema. "Nitapiga mimi."

Mzee nusura alie. Kumbe alikuwa akimshuku bure mwanawe. Akajikaza, akaanza kuimba, na binti akampigia ubeti wa kwanza taratibu, kwa noti chache kuliko alivyozoea. Mzee aliona ni adabu, hataki kumfunika baba yake hewani. Sauti yake ikafunguka. Hofu ikaanza kumtoka, akaimba kama alivyoimba alipokuwa kijana.

Kabla ya ubeti wa pili binti alililaza gitaa mezani, akaenda ukutani na kuishusha kodiani. Mzee hakuwahi kumwona akiigusa. Aliipiga vizuri ajabu, na mtangazaji alishindwa kujizuia, akawaambia wasikilizaji kwamba hii kweli ni damu ya baba yake, fundi mwingine wa ala nyingi ndiye huyu anazaliwa mbele yetu.

Wimbo ukaisha, yakaingia matangazo ya biashara na taa nyekundu ikazimika. Mzee alikuwa bado anacheka kwa furaha alipomgeukia bintiye na kumuuliza kodiani alijifunza lini, na kwa nini alimficha.

"Mwaka jana, baba," alisema. "Vilianza viwili vya mwisho, mkono wa kushoto."