Spika Iliyogeuzwa

Mama alikuwa ameshafunga mkoba: ama spika za besi za mkwewe, mke wa mwanawe, zihame, ama ahame yeye.

Mkwe, fundi wa muziki, hakubishana. Aliigeuza spika moja ikatazama ukuta wa chumba cha mama, akabadilisha nyaya zake ili ivute mwenzake anaposukuma, akaiseti ichelewe kidogo tu nyuma yake, kisha akafungulia besi tupu.

"Unamlenga mama kabisa?" mumewe aliruka.

"Hiyo inameza mshindo unaokwenda kwake. Nenda kaone."

Makochi yakitetemeka sebuleni, mume alikimbilia chumbani roho mkononi.

Meno ya bandia ya mama, yaliyozoea kugongagonga glasi kila besi ilipolia, yalikuwa tuli majini.

Mama akainua macho.

"Mwambie mkeo awashe basi, niusikie huo ujanja wake."