Mwangalizi wa Nyumbani

Kisheria, kila ofisa mwandamizi wa ulinzi huwa na mwangalizi mmoja katika familia yake. Hatajiwi ni nani, lakini taarifa ya mtu huyo ndiyo huamua kama ofisa atabaki kazini. Mwajabu, mchambuzi mwandamizi wa sera za ulinzi kwa miaka ishirini, alitaka kumjua wake. Alimwambia mumewe kwamba anastaafu, mama mkwe kwamba anapandishwa cheo, bintiye kwamba anahamishwa.

Ijumaa mkuu wake alimsomea taarifa. Ilitaja habari zote tatu, kisha ikamalizia: “Anatupima.”

“Mwangalizi si mmoja, mzee?”

“Ni mmoja, Bi Mwajabu. Nenda nyumbani.”

Aliwakuta wote watatu mezani, chakula hakijaguswa.

“Karibu, mke wangu,” alisema mumewe. “Tunakungoja wewe tu.”