Paji la Uso la Tokie

Katika mchezo wa karata kwenye tableti, joka la Tokie lilikuwa limesimama tayari kushambulia, na mpinzani wake wa mtandaoni alibakiwa na uhai mmoja tu. Tokie akafanya kama kawaida yake kabla ya kummaliza mtu: aliinama kwa heshima mbele ya tableti. Leo akapitiliza. Paji la uso likagonga kioo na kubonyeza kitufe cha kumaliza zamu.

"Umeshampa zamu," mumewe alisema, akimenya chenza. "Mtu mzima unainamia mashine."

"Siinamii mashine. Ndani kuna mtu."

"Basi huyo mtu sasa anakuchinja."

Sekunde za mpinzani zikaanza kupungua. Sitini. Thelathini. Hakuna karata iliyosogea. Muda ukamwishia, zamu ikarudi kwa Tokie, na joka lilikuwa palepale.

Mumewe akaacha kumenya. "Kalala?"

Pembeni ya kioo kikatokea kikatuni alichotuma mpinzani: paka, ameinama mpaka pua inagusa chini.

Tokie akacheka, akaisukuma tableti mbali kidogo, akainama tena. Mumewe, chenza mdomoni, akajikuta naye ameinama.