Darubini Mbovu Kuliko Zote

"Hii nzuri mno," mteja alisema, akairudisha darubini juu ya kioo cha kaunta kama mtu aliyepewa chai iliyopoa. "Lete nyingine."

Mama Lenzi alimeza hasira pamoja na mate. Hiyo ilikuwa ya sita. Kwa miaka kumi na tisa aliyouza vifaa vya wawindaji na walenga shabaha, alishasikia darubini ikiitwa nzito, ghali, hata yenye sura mbaya. Nzuri mno alikuwa hajapata kusikia.

Siku nyingine angemwonyesha mlango. Leo hakuwa na ubavu huo. Asubuhi meneja, ambaye sifa yake kubwa dukani ni kumwoa binti wa tajiri, alikuwa amempasulia mbele ya wenzake: wiki tatu hujauza zaidi ya mikanda ya bunduki, leo tukifunga bila darubini hata moja kutoka, kesho usije. Wenzake walijitia kupanga masanduku. Sasa zilibaki dakika ishirini, na mteja aliyekuwamo dukani ni huyu mmoja, na koti lake la kijani, na uso kama ameramba ndimu.

"Unakwenda kuwinda au kulenga shabaha?" alimuuliza.

"Kuwinda."

"Basi sikiliza, kaka. Mchana hata darubini ya plastiki inaona. Mnyama hutoka wakati wa magharibi, jua likishazama, na darubini hupimwa saa hiyo hiyo. Njoo hapa mlangoni."

Nje jua lilikuwa limeshazama na taa za barabarani hazijawashwa. Akampa ile kubwa, iliyokaa kabatini mwaka mzima ikingoja mwenye bahati yake. Mteja hakuuliza itumiwavyo. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye pete ya kurekebishia jicho la kulia, kikaizungusha mara moja, basi. Wengine huhangaika na pete ile mpaka jasho liwatoke.

"Unaona nini pale kwenye duka la dawa?"

"Saa za kufungua. Na muuzaji ana kidonda mdomoni." Akaishusha. "Haifai."

"Haifai vipi? Umeona kidonda!"

"Nimesema haifai. Wewe ni muuzaji au mama mkwe wangu?"

Nyuma yao meneja alikohoa. Mama Lenzi akairudia sauti yake ya biashara. "Labda tuanze na kipima-umbali. Unakielekeza, unabonyeza, kinakupa mita."

"Mpaka mlango wa dawa ni tisini na mbili," mteja alisema bila hata kukodoa macho.

Mama Lenzi alibonyeza. Kipimo kikaandika tisini na mbili. Alitamani kumtwanga nacho kichwani.

"Dada, unaniuzia nisichouliza. Nataka ya chini kabisa. Iliyotumika, mkanda umechakaa, lenzi zina ukungu. Hamna zilizorudishwa?"

Kumbe bahili tu. Koti la bei mbaya, viatu vya ngozi, halafu anataka darubini ya kuokota. Mama Lenzi aliingia stoo, akapekua chini ya maboksi na kutoka na moja iliyokwisha kurudishwa na watu watatu, kila mmoja na matusi yake. Hata vumbi hakulifuta. Mteja alisimama nayo mlangoni muda mrefu, akiuelekeza uso kwenye duka lile lile la dawa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ukalegea.

"Mita mia mbili, magharibi kama hii," alisema. "Kwa hii nitajua kama ni mtu au mnyama?"

"Kwa hiyo? Hata mama yako mzazi utamwona kongoni. Usiende nayo porini, kaka. Utaua mtu."

"Utaniandikia hivyo?"

"Nini?"

"Hivyo ulivyosema. Kwamba magharibi haimtofautishi mtu na mnyama. Kwenye risiti, na muhuri wa duka."

Mama Lenzi aliitazama mikono ya yule mtu, imetulia juu ya kaunta, safi, kucha zimekatwa vizuri. Akaiondoa darubini mbele yake.

"Sikuuzii. Una mtu porini unayetaka kwenda kumfanya kitu, halafu useme hukuona. Nenda kanunue kwingine."

"Porini mimi siendi tena," mteja alisema, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko ukali wake. "Bunduki yenyewe sina. Nitamuua nani, kwa darubini?"

"Wewe mama!" Meneja alikuwa ameshasimama. "Mwandikie mteja anachotaka. Au nikuandikie mimi barua yako?"

Wenzake wakayainamia masanduku. Mama Lenzi aliwafikiria binti zake wawili, akaona aibu, kisha akaona hasira, kisha akashika kalamu. Mtu asiye na bunduki atamdhuru nani? Aliandika kwamba darubini ina ukungu, kwamba ikiingia magharibi haimtofautishi mtu na mnyama kwa mita mia mbili, na kwamba asemaye hivyo ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Kila neno lilikuwa kweli. Akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Meneja alirudi kukaa. Kazi ilikuwa imepona.

"Bado tarehe," mteja alisema, akiweka kidole mahali palipoachwa wazi. "Weka ya mwezi uliopita, kabla ya ile Jumamosi niliyompiga risasi mwenzangu. Kesho hakimu anataka kuiona darubini niliyokuwa nayo."